Maji Mekundu ya Mella na Utaratibu wa Kuyatibu

Baina ya Jiwe la Tororo, linaloinuka peke yake katika nchi tambarare hata kufikia mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Samia vilivyo upande wa kusini, ambako wafua chuma wa zamani waliyeyusha mawe na kufua majembe miaka mingi kabla ya utawala wa kigeni, iko kaunti ndogo ya Mella, nchi ya Iteso inayopakana na Kenya. Na katika nchi hii, kama katika Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, mtu anaweza kuwa na kisima karibu na mlango wake na bado akawa na dhiki ya maji. Maji hutoka pampuni yakiwa meupe machoni, lakini yakikaa saa chache katika mtungi hugeuka rangi ya kutu, hutua masimbi mekundu chini ya chombo, hutia madoa nguo nyeupe, huifanya chai ikaribie weusi kwa sababu chuma hushikana na ukakasi wa majani yake, na ugali wa mahindi huuvisha rangi isiyotamanika. Mwenye nyumba aliyejaliwa kupata fedha kidogo huuliza: je, ninunue chujio gani? Swali hilo ni la haki, ila limekuja kabla ya wakati wake. Kwani maji ya namna hii yana maradhi matatu yaliyofungamana, yaani ukali wa tindikali, chuma na vijidudu, na atakayetibu la tatu kabla ya la pili, au la pili kabla ya la kwanza, atapoteza fedha zake hata kama chombo alichonunua ni kizuri kupita vyote sokoni.

Tuanze na ukali. Mvua inyeshapo huingia ardhini kupitia tabaka la juu la udongo, ambamo mizizi ya mimea na vijidudu visivyo idadi huvuta pumzi usiku na mchana na kutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikichanganyika na maji hufanya tindikali dhaifu, ile ile iliyomo ndani ya chupa ya soda, na maji hushuka nayo. Lau kuwa chini pana mawe ya chokaa au ya matumbawe, kama ilivyo Mombasa, Lamu na Unguja, tindikali hiyo ingeishia humo, na maji yangetoka yakiwa magumu, yenye kukataa povu la sabuni na kuacha magamba meupe ndani ya birika, lakini bila ukali. Chini ya Mella na sehemu kubwa ya Busia mna matale na miamba mingine ya kale isiyo na chokaa ya kutosha, na juu yake pametandikwa murram, udongo mwekundu uliojaa madini ya chuma. Kwa hiyo maji hufika kisimani ukali wake ukiwa karibu wote. Kipimo chake ni pH, ambacho 7 yake ni kati na kati, na kila hatua moja ya kushuka ni kuzidi kwa ukali mara 10. Kiwango cha maji ya kunywa cha Afrika Mashariki, kijulikanacho kwa jina la EAS 12, kimeruhusu maji ya asili yasiyotibiwa kuwa baina ya 5.5 na 9.5, na yaliyotibiwa kuwa baina ya 6.5 na 8.5, na chuma kisizidi miligramu 0.3 kwa lita. Msomaji na aizingatie nafasi iliyo baina ya 5.5 na 6.5, maana maji yaliyomo katika nafasi hiyo ni halali kuyanywa, na papo hapo yana nguvu ya kutosha kulila bomba la chuma mpaka likatoboka.

Neno hilo la bomba ndilo kiini cha jambo lote, nami nitakaa juu yake kuliko mahali pengine. Chuma kilichomo katika maji ya kisima kina asili mbili zilizo mbali. Yamkini kimetoka katika mwamba na murram, ambamo maji yaliyokosa oksijeni hukiyeyusha polepole. Na yamkini kimetoka katika pampu yenyewe. Pampu za mkono zilizoenea Uganda ni za ukoo wa India Mark II, iliyobuniwa India katika miaka ya 1970 kwa msaada wa UNICEF, nazo huku huitwa U2 na U3. Pampu hiyo ni imara, fundi wa kijijini huimudu, vipuri vyake hupatikana, na kwa ajili hiyo ilistahili sifa iliyopewa; lakini kwa miaka mingi iliteremshwa kisimani kwa mabomba na fito za chuma kilichopakwa zinki. Zinki hukilinda chuma katika maji mapole. Roland Langenegger, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1994 na mpango wa maji wa UNDP na Benki ya Dunia, kutokana na uchunguzi uliofanywa zaidi Afrika Magharibi, alionyesha kwa ushahidi kwamba pH ikishuka chini ya 6.5 zinki hiyo haifai kitu: huliwa kwanza yenyewe, kisha huliwa chuma, na maji yanayolala usiku kucha ndani ya bomba huamka yamebeba kutu ambayo mwamba haukuitoa. Upande wa Kenya njia nyingine ilikwisha kufunguliwa katika miaka ya 1980, pale pampu ya Afridev ilipofanyiwa majaribio na kukamilishwa katika visima vya Kwale, pwani ya kusini. Bomba lake la kupandishia maji ni la plastiki, na plastiki haijui tindikali. Uganda nayo, mwaka 2016, kwa amri ya Wizara ya Maji na Mazingira, iliagiza kwamba mabomba ya chuma kilichopakwa zinki yasitumiwe tena katika pampu za mkono, na badala yake yatumike ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu.

Amri ni jambo moja, na kilichomo kisimani ni jambo jingine. Mabomba yaliyoteremshwa kabla ya mwaka huo mengi yamo ardhini hata leo; na fauka ya hayo, sokoni huuzwa mabomba yanayoitwa chuma kisichoshika kutu ambayo sifa zake hazilingani na jina, jambo ambalo taarifa za Stop the Rot, zilizotolewa mwaka 2022 na mtandao wa wataalamu wa maji ya vijijini RWSN, zililisema waziwazi pamoja na habari za kutu ya pampu katika nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Mella anayechota katika kisima cha kijiji, au aliyechimba chake mwenyewe, hana budi kujua kwanza anapambana na chuma cha mwamba au chuma cha bomba, na bahati njema ni kwamba kulijua hilo hakuhitaji mtaalamu.

Achukue chupa mbili safi za plastiki zinazoonyesha ndani. Alfajiri, kabla hajaja mtu, ajaze ya kwanza kwa maji ya mwanzo kabisa. Kisha watu wachote kama desturi, na asiridhike na majerikeni mawili au matatu, kwa kuwa kisima chenye upana wa milimita 125 kwa ndani hubeba lita 12 na zaidi katika kila mita ya maji, na kikiwa na mita 30 za maji hicho ni kiasi cha lita 360 na kitu, yaani majerikeni 18. Maji mapya ya mwamba huanza kutawala baada ya hapo. Ikishajazwa jerikeni ya 20 na kupita, ndipo ajaze chupa ya pili. Aziweke zote mbili wazi kivulini kwa siku nzima au mbili. Ikiwa ya kwanza imekuwa nyekundu na ya pili imebaki nyeupe au imebadilika kidogo tu, bomba ndilo mkosaji, na hapana chujio duniani litakalomfaa kuliko kung'oa bomba hilo na kulitia jingine. Ikiwa zote mbili zimekuwa nyekundu sawasawa, chuma ni cha mwamba, na hapo ndipo habari ya kutibu nyumbani inapoanza kwa haki. Na ikiwa juu ya maji kuna utando wenye rangi za upinde, na katika mdomo wa pampu kuna utelezi wa rangi ya kahawia wenye harufu ya vundo, wamo bakteria wanaojilisha kwa chuma, nao hutaka kisima kisafishwe na kutiwa klorini na fundi.

Watu wengi huuliza kama maji haya yanadhuru mwili. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha chuma kwa ajili ya afya. Ile miligramu 0.3 imewekwa kwa sababu ya ladha na madoa. Bangladesh, ambako visima vingi vina chuma, watafiti wameona kwamba wanawake wanaokunywa maji hayo wana akiba bora ya chuma mwilini, na si haba katika nchi zenye upungufu wa damu. Hatari ya chuma kingi ipo, lakini imejulikana zaidi kwa njia ya pombe: kusini mwa Afrika madaktari wa karne iliyopita waliona maini yaliyorundikana chuma kwa watu waliokunywa kwa miaka mingi pombe ya kienyeji iliyochachushwa katika vyombo vya chuma, hasa waliokuwa na tabia hiyo katika damu ya ukoo wao. Mpikaji wa pombe ya ajon anayetumia pipa la chuma pamoja na maji makali na alikumbuke hilo, na aurudie mtungi wa udongo. Ukali wenyewe una dhara lake la kificho, kwani maji yanayokula bomba hula pia zinki, na madini ya risasi yaliyomo katika baadhi ya vipuri vya shaba na katika upako hafifu, wala madini hayo hayana rangi ya kumwonya mtu.

Lakini dhara kubwa la maji mekundu liko kwingine. Maji yanayochukiza huwafukuza watu. Mama ambaye nguo za shule za wanawe zimepigwa madoa, na ambaye mgeni wake ameacha chai kikombeni, hatavumilia mwaka mzima. Atapita kisima kirefu, kilichochimbwa kwa gharama kubwa na ambacho aghalabu hakina vijidudu vingi, ateremke bondeni kwenye chemchemi au dimbwi lenye maji matamu. Utamu huo una bei. Katika Busia ya Kenya, uchunguzi ulioongozwa na Michael Kremer na wenzake, uliotangazwa mwaka 2011, ulitazama takriban chemchemi 200 na kulinganisha zilizojengewa na ambazo hazijajengewa: kujengea kulipunguza uchafu wa kinyesi kwa asilimia 66 pale chemchemini, lakini nyumbani, baada ya maji kubebwa na kuhifadhiwa, upungufu ulikuwa asilimia 24 tu, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa kiasi cha robo. Ikiwa chemchemi iliyojengewa ina faida ya kiasi hicho, basi ambayo haikujengewa ina madhara ya kiasi gani? Hivi ndivyo chuma, ambacho chenyewe hakiui, kinavyowapeleka watu kwenye maji yanayoua, na ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba rangi ya maji ni jambo la anasa.

Sasa tuje kwenye tiba. Chuma kilichoyeyuka hakichujiki, maana kimeshikana na maji kama chumvi. Sharti kwanza kikutane na oksijeni, kigeuke kutu, kisha kutu ichujwe. Mtu hudhani basi inatosha kuyaacha maji wazi. Lakini wanakemia Werner Stumm na G. Fred Lee walithibitisha mwaka 1961 kwamba mwendo wa kugeuka huko hutegemea mno ukali wa maji: kila pH ikishuka kwa hatua moja, mwendo hupungua mara 100. Maji ya pH 7 huacha chuma chake kwa dakika. Ya pH 6 hutaka siku na siku. Hii ndiyo sababu majirani wawili hufuata shauri lile lile la kuacha maji yalale mtungini, mmoja akafanikiwa na mwingine asione tofauti, kisha wakabishana. Basi ukali ndio wa kutangulia kutibiwa, na nusu ya tiba yake haina gharama, kwa sababu ukali wa maji haya kwa sehemu kubwa ni hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake, na hewa hutoka ikipewa njia. Maji yakimiminwa kutoka juu, yakipita katika kifuniko cha ndoo kilichotobolewa matundu madogo madogo mengi, na kuanguka kama manyunyu juu ya changarawe, hupoteza hewa hiyo na kupokea oksijeni kwa mara moja. Kuchemsha nako hufanya kazi zote mbili, tena huua vijidudu. Na mwenye kuchemsha, akiyaacha maji yapoe na kutulia, kisha akayamimina taratibu bila kuyatibua masimbi, amepata maji mema bila kununua kitu ila kuni. Ni kuni hizo tu zinazonizuia kuwashauri watu wote hivyo, kwa kuwa anayezitafuta ni mwanamke yule yule aliyekwisha kubeba maji.

Nusu ya pili ya tiba ya ukali ni chokaa, na hapa Mola ameijalia Tororo jambo ambalo sehemu nyingi zenye maji ya matale hazina. Jiwe la Tororo, pamoja na vilima vya Sukulu vilivyo jirani, ni mabaki ya volkano za kale za namna ya pekee, zilizotoa mawe ya chokaa badala ya mawe meusi. Ndiyo maana kiwanda cha saruji kilijengwa hapo katika miaka ya 1950. Mawe ya chokaa yakivunjwavunjwa yawe kama punje za mahindi na maji makali yakapitishwa polepole juu yake, hewa ya ukaa iliyobaki huyala mawe, kila miligramu 1 ya hewa ikimeza miligramu 2.3 za jiwe, na katika kuliwa huko ukali huisha. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kazi hiyo hujikomesha yenyewe: maji yakishapata haki yake hayali tena, hata yakilala juu ya mawe usiku kucha. Chokaa ya unga, ile ya kupakia kuta, haina adabu hiyo. Ukizidisha kijiko maji huwa na ukali wa upande wa pili, wa kuunguza koo, na kwa hiyo haifai kukaa mkononi mwa mtu asiye na kipimo. Majivu ya kuni nayo hupunguza ukali, na wapishi wa Teso wanaijua vyema nguvu ya maji ya majivu katika kulainisha mboga, lakini majivu hayana kipimo kimoja, na maji ya kunywa hayapendezi kwa ladha ya magadi.

Hata hivyo sitamwambia mtu aende kuokota jiwe lolote chini ya mlima. Mawe ya volkano hizo hubeba madini mengine pamoja na chokaa. Sukulu hujulikana kwa fosfati, na madini ya fosfati aghalabu huwa na floridi ndani yake, ambayo ikizidi katika maji huharibu meno na mifupa. Shehena moja ya mawe ipimwe mara moja katika maabara kwa niaba ya kijiji kizima, na kipande cha machimbo kilichoonekana salama kiwe ndicho kinachotumika. Gharama ya kipimo hicho ikigawanywa kwa kaya zote haimshindi yeyote. Jambo jingine ni kwamba kutu hulivika jiwe koti jekundu, na jiwe lililovikwa haliliwi tena. Kwa hiyo yawekwe mapande yanayoweza kutolewa na kusuguliwa, na yaje baada ya manyunyu, si kabla.

Mpango unaofaa nyumba nyingi, basi, huwa ni ndoo tatu zilizopandana au mitungi mitatu juu ya kibao. Ya juu ina kifuniko cha matundu na changarawe pamoja na makaa yaliyovunjwa. Ya kati ina mapande ya chokaa, nayo maji hulala humo mpaka asubuhi, masimbi yakatua. Ya tatu ina mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yake yakawa meupe, kwa kina cha mikono miwili ya mtu mzima iliyobebana. Mchanga ndio unaoikamata kutu iliyobaki. Mtu atajua kazi imefanyika kwa kuyatia maji hayo majani ya chai: chai ikibaki na wekundu wake wa asili, chuma kimetoka. Mchanga huu utaziba, na kuziba kwake ndiyo dalili kwamba unafanya kazi. Tabaka la juu likorogwe katika maji kidogo na kumwagwa kila mtiririko unapolegea, na kwa maji yenye chuma kingi hilo huweza kuwa kila wiki. Hapa ndipo mapatano ya nyumba yanapojaribiwa kuliko elimu, maana vyombo vya namna hii vilivyokufa, nilivyoviona mwenyewe, vilikuwa salama katika ujenzi wake na vilikosa mtu mmoja aliyekubali kwamba kuviosha ni zamu yake.

Klorini ni ya mwisho, na yafaa nieleze kwa hesabu, kwa kuwa kosa hapa ni rahisi na halionekani. Katika nchi hii klorini ina historia ya heshima. Huko Tororo, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005 miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na jamaa zao ulionyesha kwamba kutia klorini nyumbani, pamoja na chombo chenye mdomo mwembamba na bomba la kufungulia, kulipunguza vipindi vya kuhara kwa asilimia 25 kwa wagonjwa hao. Na magharibi mwa Kenya ndiko vilikoanzia vile vitoa klorini vilivyosimamishwa kando ya visima na chemchemi, ambavyo baadaye vilienea mpaka mashariki mwa Uganda. Dozi ya kawaida kwa maji meupe ni takriban miligramu 2 kwa lita. Sasa kila miligramu 1 ya chuma kilichoyeyuka hula miligramu 0.64 za klorini kabla kijidudu kimoja hakijaguswa. Maji yenye chuma miligramu 3 kwa lita, kiasi ambacho katika visima hivi si cha ajabu, yatakuwa yamekula miligramu 1.9, yaani dozi karibu nzima. Mama ametia dawa kwa uaminifu, akaona maji yamegeuka kahawia kwa ghafla, akadhani dawa ni mbovu, na yamkini akaacha kuitumia, ilhali jirani yake aliyeendelea anaamini yuko salama na hayuko. Tiba ya jambo hili ni kutia klorini baada ya mchanga. Na akiona maji yaliyochujwa bado hugeuka rangi akiyatia klorini, ajue chuma kimesalia, na ayarudishe kwenye ndoo ya mwanzo. Kupunguza ukali mpaka karibu ya 7 hakumnyimi kitu hapa, kwani klorini hufanya kazi njema katika maji ya kiasi hicho.

Vifaa vingine nitavipitia kwa haraka. Shabu, ambayo ni mwafaka kwa maji ya mto yenye tope, haifai kwa maji haya, kwa kuwa yenyewe huongeza ukali na humu hamna chokaa ya kuihimili. Mbegu za mlonge hukusanya tope, wala hazigusi chuma kilichoyeyuka. Chujio la udongo wa kuchomwa, kama lile linalotengenezwa Uganda na kuuzwa kwa jina la Purifaaya, ni chombo kizuri dhidi ya vijidudu, ila likipewa maji mekundu vitundu vyake huziba upesi. Liwekwe mwisho, mahali pa klorini, nalo litadumu. Mashine za utando mwembamba zinazouzwa Kampala na Nairobi huharibiwa na chuma, humwaga sehemu kubwa ya maji yanayoingia, na hutaka umeme usiokatika. Mitambo ya kubadilisha madini kwa chumvi, na ile ya mchanga wa kijani unaofufuliwa kwa pamanganeti ya potasiamu, imefanya kazi kwa miaka mingi katika nyumba za Ulaya na Marekani zenye visima vya milimani, na mwenye hoteli wa Malaba au hospitali yenye tangi juu ya mnara anaweza kuifikiria, maadamu amekwisha kurekebisha ukali, kwani hiyo nayo haifanyi kazi vyema katika maji yaliyo chini sana ya 7.

Kuna shauri moja ambalo wauza vyombo hawana faida ya kulitoa, nalo ni kuangalia juu. Mella hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka wa kawaida. Nyumba ya mabati yenye paa la mita 40 za mraba, tukitoa sehemu ya tano kwa ajili ya kinachopotea, hukusanya lita 38,000 na zaidi. Na nyumba ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 5 za kunywa na kupikia, hutaka lita 10,950 kwa mwaka mzima. Maji ya mvua hayana chuma. Kinachokosekana ni tangi la kuvukia kiangazi cha Desemba mpaka Februari, na tangi ni ghali. Lakini hata pipa dogo, likifunikwa na kuoshwa, na maji ya manyunyu ya kwanza yakiachwa yapite, huipa nyumba maji ya chai na ya kunywa katika miezi mingi ya mwaka, yakitiwa klorini kwa dozi ya kawaida ambayo hapa itafanya kazi yake yote. Kisima chekundu kikabaki kwa kufulia nguo za rangi, kuoga, kujenga na kunyweshea ng'ombe. Kugawa maji kwa kazi zake namna hii kunapunguza kile kinachopaswa kutibiwa kutoka lita mia moja na kitu kwa siku mpaka lita 30, na hapo ndoo tatu zinatosha bila kumchosha mtu.

Wale ambao chupa zao mbili zimeonyesha kwamba mkosaji ni bomba wana kazi ya namna nyingine, isiyofanyika jikoni. Hiyo ni kazi ya kamati ya watumiaji maji, ambayo hukusanya mchango mdogo mdogo wa kila kaya, na ambayo mara nyingi huzitumia fedha hizo kununua bomba la chuma lile lile lililoliwa, kwa kuwa ndilo fundi analolijua na ndilo dukani la bei nafuu. Kabla ya kununua, kamati ipime pH kwa karatasi za rangi, zisizo ghali. Ikiwa chini ya 6.5 iandike katika daftari lake kwamba bomba la zinki halitanunuliwa tena kwa kisima hicho, na ikiwa kisima si kirefu mno ichague plastiki, na kikiwa kirefu ichague chuma kisichoshika kutu kutoka kwa mwuzaji atakayekubali kutaja kwa maandishi daraja la chuma chake. Na yeyote anayetaka kuchimba kisima kipya Mella, Kwapa, Amukura au Busia, awe mtu binafsi, kanisa, msikiti au mfadhili wa ng'ambo, jambo hilo liwemo ndani ya mkataba kabla mashine haijaja, pamoja na sharti kwamba maji yapimwe ukali na chuma mbele ya wanakijiji siku ya kukabidhi, na karatasi ya majibu ibaki mikononi mwa kamati.